Nyekundu Katika Wiki ya Bluu

Msomaji mmoja wa Tarime alinitumia ujumbe baada ya toleo la wiki iliyopita. Ameandika, "Kasmiri, yanayokupata umeyatafuta mwenyewe." Hakuweka jina. Namwomba akae vizuri, maana leo atafurahi zaidi.

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ni mtu wa Buswahili, Butiama. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha rangi cha kiwanda kimoja cha nguo pale Bunda. Jina la kiwanda mhariri amenikataza kulitaja. Mwaka jana madaktari wa Mwanza walinikata kinyama kwenye kibofu, wakasema ni kansa. Daktari hata hajamaliza kusoma majibu akaniuliza, "Mzee, wewe unashika rangi za nguo?"

Ndipo nikaanza kudai fidia. Kiwanda kikanizungusha miezi mitano na fomu moja. Mwishowe nikaitwa Musoma kwenye ofisi ya fidia, nikae meza moja na afisa utumishi wetu, Bwana Stanislausi, mbele ya daktari wa tathmini. Mliniacha hapo. Stanislausi alikuwa anafungua bahasha ya kaki, anatoa karatasi moja.

Karatasi ile ilikuwa na mwandiko wangu.

"Mzee Kasmiri, huu mwandiko ni wako?" daktari aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole.

"Ni wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Haya, tusomee."

Nilisema nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa mfukoni. Basi Stanislausi akajitolea, akasoma taratibu kama anayesoma somo la kwanza kanisani.

"'Mimi Kasmiri, msimamizi wa chumba cha rangi, nathibitisha kwamba wafanyakazi wote wa chumba changu hupewa glovu na barakoa kila mwezi, na hakuna anayeshika rangi kwa mikono mitupu. Mfanyakazi Helena Wambura anaumwa kichocho. Amekulia kando ya mto Suguti, na watu wa huko wamekuwa na kichocho tangu utoto. Kazi haihusiki.'"

Akaikunja. "Ni ya miaka mitano iliyopita, daktari. Aliandika mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono."

Daktari akanigeukia. "Ulisema kweli?"

Wasomaji, nanyi jiulizeni mngejibu nini. Nikisema ndiyo, basi na mimi nilivaa glovu, na kansa yangu haikutoka kazini. Nikisema hapana, mimi ni mwongo mwenye sahihi, na neno langu halina bei tena mbele ya yule mama. 

"Sikusema kweli," nikasema.

"Ulidanganya."

"Niliandikishwa."

"Na nani?"

Nilimtazama Stanislausi. Yeye wala hakushtuka. "Mzee, mimi nilikuomba maelezo tu. Maneno yote ni yako. Hilo la kichocho ulinipa wewe. Mimi mtu wa Kagera, mto Suguti ningeujulia wapi?"

Na hapo, jamani, hakudanganya. La kichocho lilikuwa langu.

"Tena, daktari," akaendelea, "huyu mwenyewe alikuwa akituchekesha kantini. Eti utotoni kwao Buswahili walikuwa wanakojoa damu wakishangilia. Mwulize."

Daktari alichukua kalamu. Ikabidi niseme. Tulikuwa tunachunga ng'ombe na kuoga kwenye lambo moja na hao ng'ombe. Mkojo wako ukianza kutoka mwekundu, wenzako walikupigia makofi kwamba sasa umekuwa mwanamume. Tulijipanga mstari juu ya jiwe tupimane. Mimi nilichelewa, nikalia, na siku nilipotoa wangu mwekundu nilikimbia nayo habari mpaka nyumbani. Mama alinichinjia jogoo.

"Kwa hiyo umewahi kuugua kichocho," daktari alisema huku akiandika.

"Nilikunywa dawa nikiwa darasa la nne. Kikaisha."

Aliweka kalamu chini. "Nisikilize, mzee. Kansa inayoletwa na kichocho mara nyingi huwa ya aina nyingine. Kinyama chako kinaonyesha aina inayowapata sana watu wanaofanya kazi na rangi. Hilo liko upande wako. Lakini kinyama hakiniambii kwamba ulishika rangi kwa mikono, na karatasi yako inaniambia hukushika. Niletee mtu mmoja aliyefanya kazi chumba hicho, asiwe ndugu yako, aje anieleze mlifanyaje kazi. Nakupa siku kumi na nne."

"Nisipompata?"

"Nitaamua kwa karatasi nilizo nazo."

Nje Stanislausi alinishika bega kama rafiki. "Nani atakuja, mzee? Hamduni wa chumba chenu tulishamzika. Waliobaki wote wana watoto wa kulisha." Alifika kwenye gari lake, akakumbuka kitu, akageuka. "Mwambie Brian aje ofisini kwangu kesho. Nina neno naye."

Brian ni mwanangu wa kwanza. Nitamfikia.

Kwanza niwaeleze kazi ilivyo, maana wengi mnavaa vitenge na hamjui vinatoka wapi. Rangi huja ya unga. Unaimwaga kwenye pipa la maji ya moto, unatia chumvi, unakoroga. Glovu zilikuwepo, jozi sita kwa watu kumi na mmoja. Zilifungiwa stoo, zikitolewa siku wakaguzi wanapokuja, wakiondoka zinarudi.

Na tusisingiziane, hata sisi wenyewe hatukuzitaka. Fundi wa rangi anapima kwa vidole. Unachota maji ya pipa, unayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiteleza, chumvi haijakolea. Yakikwaruza, pipa liko tayari. Ukivaa glovu utaharibu marobota na utakatwa mshahara. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wote waliopita mikononi mwangu, Helena akiwa mmojawapo.

Kila wiki ilikuwa na rangi yake. Wake zetu waliijua kwa kutuangalia mikono. Lakini rangi haikuishia mikononi, ilitoka mpaka kwenye mkojo. Wiki ya kijani unakojoa kijani, wiki ya bluu choo kizima kimechafuka wino. Tulichekana, "Leo umekojoa kitenge!" Hakuna aliyeogopa. Tuliamini mwili unajisafisha.

Siku moja Helena alinifuata pembeni ya mapipa. Alikuwa mfanyakazi mzuri kuliko wote, mjane, ana binti mmoja.

"Bosi, wiki hii si tuko bluu?"

"Tuko bluu."

"Mbona mkojo wangu ni mwekundu?"

Nilimwelewa. Nataka msomaji wa Tarime alijue hilo. Nilimwelewa palepale. Nikacheka. Nikapaza sauti wenzake wasikie, "Mtu wa Suguti wewe, hicho kichocho! Hata sisi Buswahili tulikojoaga hivyo!" Nikawasimulia habari ya lambo na ya jogoo, nikasimama kabisa niwaonyeshe tulivyojipanga juu ya jiwe. Walicheka mpaka machozi. Helena naye alicheka kidogo.

Baadaye alipimwa Mwanza, akaanza kudai. Stanislausi akaniita ofisini. Hakunipa hela. Alinikaribisha soda, akaniuliza habari za nyumbani, akasema, "Brian wako amemaliza form four, yuko tu mtaani. Kuna nafasi moja imetokea."

"Nafasi ipi?"

"Ya Helena."

Nilimaliza soda yangu, nikaomba kalamu. Jumatatu Brian alisimama kwenye pipa la Helena, na mimi baba yake nikamshika vidole nikamfundisha kusugua maji.

Dai la Helena lilikufa kwa karatasi ile. Yeye akarudi kwao Suguti.

Kansa yangu ilinianza wiki ya nyekundu. Nikajiambia ni rangi. Wiki ikaisha, tukaingia njano, mkojo ukabaki mwekundu. Mnajua nilifanya nini? Nilikuwa msimamizi, nilipanga mimi nani akae pipa lipi. Pipa moja la pembeni lilikuwa na nyekundu wiki zote, nikajipangia hilo. Wenzangu walibadilisha rangi, mimi nikabaki kwenye nyekundu miezi minane ili niwe na sababu. Adventina mke wangu alikuwa akiuliza, "Baba Brian, mbona wewe nyekundu tu?" Namjibu kuna oda kubwa ya nyekundu kutoka Kenya.

Siku ile nilirudi Bunda kutoka Musoma nimechoka. Adventina aliniwekea ugali na samaki furu wa kukaanga, nikala vidonge badala ya chakula, nikamsimulia yote. Yote isipokuwa ile soda ya ofisini. Yeye alikuwa anajua kwamba niliandika barua kwa sababu ya kuogopa kufukuzwa kazi.

"Nenda Suguti," alisema.

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Kwani hiyo kansa nayo umeionea haya?"

Brian aliingia wakati huo, mikono imekolea rangi mpaka kwenye viwiko, akaketi kula. Nikamwambia Stanislausi anamwita. Akauliza kuna nini, nikasema sijui.

Nilipaswa kumwambia, "Usisaini kitu." Maneno mawili tu. Lakini angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kumweleza alivyoipata kazi. Miaka mitano amekuwa akiwaambia vijana wenzake kwamba aliajiriwa kwa cheti chake. Nikamsogezea furu wangu.

Kesho yake nilikwenda Suguti.

Nyumba ya Helena nilielekezwa na mwanamke aliyekuwa anaanika mihogo juu ya mwamba. Alinitazama mkoba wangu wa hospitali, akaniuliza kama nimeleta dawa. Nikasema hapana.

Binti alikuwa uani anamenya mihogo. Alipoondoka Bunda alikuwa wa darasa la sita.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si Happyness? Mama yupo?"

"Nani anamtaka?"

"Mwambie Kasmiri, wa Bunda."

Kisu kilisimama, kikaendelea. "Yule msimamizi?"

"Ndiyo."

"Mama alisemaga utakuja. Alisema ukija usipewe kiti."

Akaingia ndani, nikabaki nimesimama. Kiti kilikuwepo, cha plastiki, hatua tatu kutoka nilipo. Mtu mwenye kibofu kama changu akisimama muda mrefu, kila kitu kinashuka chini na kinawaka. Nilisimama mpaka kivuli cha nyumba kikanifika miguuni kutoka mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniita.

Kisha Happyness akamtoa mama yake kwa kumshika kiuno, akamlaza kwenye mkeka. Helena amebaki mifupa. Mpira wa mkojo umetoka chini ya khanga, na mfuko wake ameufunga kwenye nyonga kwa kamba ya kiatu. Ulikuwa mwekundu.

"Umekonda, msimamizi," alisema.

"Naumwa, dada Helena."

"Kichocho?"

Happyness aliinamisha uso.

"Kansa," nikasema. "Ya kibofu."

"Aa. Mimi yangu ni kichocho." Akajiweka sawa kwenye mkeka. "Ilikuanza wiki gani?"

"Ya nyekundu."

Alicheka. Alicheka mpaka Happyness akaja kumshika mgongo, na mfuko ukatikisika nyongani. "Nyekundu! Wewe ulipata pa kujificha, Kasmiri. Mimi nilikuwa bluu, sikuwa na pa kujificha hata siku moja."

Nikamweleza nilichofuata. Nilieleza vibaya, nikaruka huku na huku. Daktari, shahidi, siku kumi na nne. Alinisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Happyness," akasema, "mwanzishie."

Binti akasimama wima kama anayekariri shairi shuleni. "'Mimi Kasmiri, msimamizi wa chumba cha rangi, nathibitisha kwamba...'" Akanyamaza, akanitazama.

"Malizia," Helena alisema. "Sisi hapa nakala tuliyopewa tuliisoma mpaka karatasi ikachanika. Nataka niisikie kwa mdomo wako."

"Dada Helena..."

"Malizia au uondoke."

Nikamaliza. Nilitaja glovu, nikataja barakoa. Nilipofika kwenye jina lake nililipita haraka, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikataja mto Suguti nikiwa nimesimama Suguti kwenyewe, mbele ya mtoto aliyeoga mto huo huo na ambaye mkojo wake, Helena alinihakikishia, ni mweupe kama wa mtu mwingine yeyote.

"Haya. Sasa umeongea," alisema. "Nitashuhudia. Lakini kwanza unaandika. Uandike ulidanganya, glovu zilifungiwa stoo, na dai langu ulilizika wewe. Nilipeleke kwa huyo daktari wako, alifufue."

Happyness alishaleta daftari na kalamu. Vilikuwa vimeandaliwa, sijui tangu lini.

Na mimi, wasomaji, nikaanza kupatana bei! Nikasema, "Dada, wewe tangulia kushuhudia, langu likipita mimi nitaandika." Nikasema Stanislausi ataweza kunishtaki kwa kudanganya. Nikasema nina mke. Nimesimama mbele ya mtu anayekojolea kwenye mfuko nikimweleza habari ya matatizo yangu.

"Happyness, mwonyeshe njia," Helena alisema.

"Naandika," nikasema upesi. "Naandika."

Niliandikia kwa kusimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Nilipomaliza akaomba asomewe. Happyness akasoma.

"Umeacha moja," Helena alisema. "Ulilipwa nini?"

"Sikulipwa."

"Kasmiri. Mimi natoka asubuhi na mkoba wangu, getini napishana na mtoto wako anaingia. Alinisalimia, 'Shikamoo mama.' Alivaa viatu vya shule. Andika nani alikaa kwenye pipa langu."

Nilidhani hakujua. Miaka mitano nilidhani hakuna anayejua zaidi ya mimi na Stanislausi. Nikaandika: Brian, mwanangu, ndiye aliyepewa nafasi ya Helena, na hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu. Nikasaini. Sahihi ileile.

Helena aliichukua karatasi, akaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga. "Kesho kutwa Happyness atanileta Musoma. Siji kwa ajili yako. Nataka nisikilizwe mara moja kabla sijafa."

Kisha akamwambia bintiye, "Mpe kiti."

Nikakaa. Sitawaficha, nilifurahi. Nilimtazama yule mwanamke na mfuko wake, nikashukuru kwamba bado hajafa, kwa sababu nilikuwa namhitaji mpaka kesho kutwa. Nikaanza kupiga hesabu ya safari, nani ataleta pikipiki, nani atambeba mpaka barabarani. Happyness akaniletea maji ya kunywa.

Simu ikaita. Alikuwa Adventina. Simu yangu spika yake imekufa upande mmoja, ukiipokea inasikika uani kote.

"Baba Brian!" Na vigelegele juu yake. "Baba Brian, uko wapi? Mwanao amekuwa msimamizi! Kwenye nafasi yako hasa! Leo hii!"

Helena alifumbua macho.

"Msimamizi?" nikasema.

"Stanislausi mwenyewe amempa mkono. Kumbe tulikuwa tunamsema bure yule baba. Ngoja uongee naye, huyu hapa."

Nilisikia simu inahama mkono, na sauti ya mwanangu imejaa meno. "Baba, shikamoo."

"Marahaba. Brian, umesaini nini?"

"Karatasi ya kawaida tu, baba. Kwamba tunapewaga glovu. Amesema ni ya ukaguzi."

"Umeandika na nini kingine?"

"Hakuna. Ile hadithi yako ya lambo aliitaka, nikamwandikia. Nimeiandika vizuri kweli, na jogoo nimeweka. Alicheka." Akasita. "Nimekosea?"

Nilijua ofisi ile, nilijua kiti alichokalia. Nilijua hata soda ilikuwa ya aina gani. Daktari alisema asiwe ndugu yangu, upande wangu. Upande wao hawakuzuiwa ndugu. Mtoto wa kunizaa ameandika kwa mkono wake kwamba nilivaa glovu na nilikojoa damu utotoni, na kesho karatasi hiyo itakuwa Musoma kabla ya Helena.

Nilimtazama Helena nikidhani atacheka tena. Hakucheka. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, mkono mmoja umeshika pindo la khanga penye karatasi yangu.

"Mwulize wiki hii wako rangi gani," alisema.

"Dada, achana na..."

"Mwulize."

"Brian, wiki hii mko rangi gani?"

"Bluu, baba. Kwa nini?"

Jana usiku mikono yake ilikuwa imelowa bluu mpaka viwikoni, mbele yangu, juu ya sahani ya furu. Niliiona. Helena alinitikisia kichwa niendelee.

"Na mkojo wako?"

Nilisikia vigelegele vya Adventina vinapokelewa na majirani. Nilisikia mlango unafungwa, vigelegele vikabaki nje. Halafu mwanangu akasema kwa sauti ya chini sana, ili mama yake asisikie:

"Baba, umejuaje?"